Altezza ya bei poa, ikipata moto inakata pumzi. Niiuze au nikomae nayo?

#1 Gia_ya_Sita
Habari wakuu, niende moja kwa moja kwenye mada.

Miezi minne iliyopita nimechukua Toyota Altezza RS200 ya 1999, manyuali gia sita, injini 3S-GE. Niliipata kwa bei ambayo hata muuzaji mwenyewe alikuwa ananiangalia kwa huruma. Bodi iko vizuri, ndani hakujachakaa, ukifunga mlango unasikia kabisa kwamba umefunga mlango. Asubuhi ikiwa ya baridi ni raha tupu, unaingiza gia ya pili, ya tatu, mshale unapita elfu sita na injini bado inakudai mguu.

Shida inaanza ikishapata moto. Baada ya kama dakika arobaini za kuendesha, nikiwa gia ya tatu au ya nne nikikanyaga mafuta kwa nguvu, ikifika RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) elfu nne hivi inakata pumzi. Haizimi, ni kama mtu kakushika shati kwa nyuma nusu sekunde afu kakuachia, inaendelea kama hakuna kilichotokea. Taa ya cheki injini haiwaki. Nimebadilisha plagi, filta ya hewa, oili, wapi.

Fundi wa kwanza kasema koili, wa pili kasema pampu ya mafuta, wa tatu kaisikiliza kidogo kwa sikio afu akaniuliza kama naiuza.

Kwa hiyo maswali ni mawili: hii shida ni nini, na je hizi saluni za spoti za zamani zinamilikika kweli na mtu wa mshahara au niliingizwa mjini?

#2 Kona Kali
Saluni ya spoti? Nimefungua uzi mbio nikajua ni mtindo mpya wa kunyoa. Hongera mkuu, ila uzi wa gari bila picha ni mechi ya redioni. Leta picha.

#3 Mzee wa Plagi
Koili hiyo, usihangaike. Hizo injini kila silinda ina koili yake imekaa juu ya plagi, na ndani ya koili kuna nyaya nyembamba zimezungushwa weee na kufunikwa na utomvu mgumu wa kuzuia umeme usitoroke. Miaka ishirini na kitu umekaa juu ya injini ya moto, ule utomvu unapata nyufa. Sasa ukikanyaga mafuta kwa nguvu presha ndani ya silinda inakuwa kubwa, cheche inapata kazi kuruka, umeme unaona bora upite njia ya mkato uende kwenye chuma. Ndo hapo unashikwa shati. Hamisha koili moja moja kutoka silinda hii kwenda nyingine uone shida inahamia wapi.

#4 Nusu Tenki
Pampu. Pampu ya mafuta inapozwa na mafuta yenyewe, sasa kama we ni wale wa kutembelea taa ya mafuta kila siku inajichemsha humo ndani mpaka inachoka. Swali, huwa unatembea na mafuta kiasi gani?

#5 Gia_ya_Sita
@Nusu Tenki jina lako na swali lako vimeendana haha. Mara nyingi robo tenki mkuu, sitadanganya.

#6 Nusu Tenki
Kesi imefungwa.

#7 fundi_mstaafu
Haijafungwa. Vijana mna haraka.

Kwanza kuhusu #3, kuhamisha koili kunasaidia kama unajua silinda ipi inamisi, yaani inakosa kuwaka. Huyu bwana taa haiwaki, mashine haitamsomea kitu, na tatizo lenyewe linadumu nusu sekunde, atajuaje limehamia wapi? Atahamisha koili mpaka azeeke. Cha kufanya hapo ni kuchomoa zile plagi mpya alizoweka na kuangalia kaure nyeupe. Kama umeme unatorokea pembeni utaona kamstari keusi kembamba kama kamechorwa na penseli, kanashuka kutoka juu mpaka kwenye chuma, na hakafutiki kwa kitambaa.

Pili, wewe mwenye gari, likitokea hilo tukio mshale wa RPM unafanya nini? Ukipanda ghafla huku gari haliongezi mwendo, hiyo siyo injini kabisa, klachi inateleza. Ukisita palepale ulipo, injini imekosa mafuta au cheche. Ukidondoka na kurudi haraka kuliko injini yenyewe inavyoweza kupungua na kupanda, basi kompyuta imepoteza taarifa ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, au umeme umekatika mahali. Nakuomba unijibu hili kabla hujanunua kitu chochote.

#8 Gia_ya_Sita
Shikamoo fundi. Kusema ukweli likitokea macho yangu yanakuwa barabarani, mshale sijawahi kuuangalia. Nitamwomba mdogo wangu akae pembeni arekodi na simu.

#9 fundi_mstaafu
Marahaba. Fanya hivyo.

#10 Chuma Chakavu
Mimi nijibu swali la pili maana la kwanza lina wenyewe. Zinamilikika, ila siyo kwa hesabu unayoipiga kichwani siku ya kununua.

Nina BMW E46, 325i ya 2002, ile M54 ya silinda sita mstari mmoja, nguvu farasi 192. Ukitaka kujua kwa nini gari kama ile inauzwa rahisi fungua boneti uangalie mfumo wa kupoza injini, tenki la maji plastiki, nyumba ya thamostati plastiki, kingo za rediata plastiki. Plastiki ikipikwa miaka ishirini inavunjika kama ganda la yai, hilo siyo kosa la mtu, ni umri. Aliyenitangulia alikuwa anabadilisha kilichopasuka tu, leo tenki, mwezi ujao bomba, mwezi unaofuata thamostati, kila safari anachemsha na kila safari analaani. Mimi nilivyoichukua niliipaki wiki tatu nikabadilisha vyote kwa mpigo na pampu ya maji juu yake. Iliniuma, mke wangu alidhani nimechanganyikiwa, lakini tangu siku ile mshale wa joto haujatikisika. Kabla ya hapo hata redio nilikuwa nazima, nasikilizia injini tu kama mgonjwa wa ICU.

Kwa hiyo kabla hujanunua hizi gari weka pembeni kama theluthi ya bei ya gari, usiiguse. Oili yenyewe M54 zikizeeka zinakunywa, mimi natembea na galoni kwenye buti na sioni aibu.

#11 Kijana wa Turbo
Mnaongea maneno mengi, toa hiyo 3S tupa, weka 2JZ, ile injini ya silinda sita ya Toyota, si kuna Altezza zilikuja nayo kiwandani, inakaa bila hata kukata chuma.

#12 Msomaji Tu
@Kijana wa Turbo siyo kweli. Altezza ilikuwa na injini mbili tu, 3S-GE ya silinda nne kwenye RS200 na 1G-FE ya silinda sita kwenye AS200. Iliyokuja na 2JZ ni Lexus IS300, ambayo ni gari hilo hilo lenye jina la kuuzia nje.

#13 Mnyamavu
Nasoma nyuzi hapa miaka sasa siandiki lakini hii imenivuta. Msomaji Tu uko sawa kwa ile saluni, ila kuna Altezza Gita, ile yenye mgongo mrefu nyuma, iliyotoka 2001, na toleo la AS300 lilikuwa na 2JZ-GE. Ni GE jamani, haina turbo. Watu wakisikia 2JZ wanaona Supra, ile gari ya spoti ya Toyota, inatoa moto.

Na hizo nguvu farasi 210 zinazotajwa kila siku ni za RS200 ya manyuali, zinapatikana huko RPM 7,600. Ya otomatiki ilikuwa 200. AS200 yenyewe ni 160, silinda sita laini kama kitambaa lakini usitegemee itakurusha kiti.

#14 Kijana wa Turbo
Sawa maprofesa. Bado weka 2JZ.

#15 Chuma Chakavu
@Kijana wa Turbo we unaendesha gari gani?

#16 Kijana wa Turbo
Kwa sasa natumia usafiri wa abiria, lakini najipanga.

#17 Kona Kali
😂😂😂 nimeanguka kwenye kiti

#18 Bi Usukani
Wakaka mnaongelea injini tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza tairi zake zina miaka mingapi.

Nilikuwa na AS200 miaka mitatu. Siku naichukua nilikagua kashata za tairi nikaona nzito kabisa, nikafurahi nimeokoa hela. Mvua ya kwanza, kona ya kawaida ya kulia, wala sikuwa kasi, gia ya pili, nikagusa mafuta kidogo kutoka kwenye kona, mkia ukaanza kuondoka. Taratibu kabisa. Niliona nguzo ya taa kupitia dirisha la abiria, kitu ambacho hutakiwi kukiona kupitia dirisha la abiria. Nilivyoachia mafuta ghafla ndo ikazidi, ikazunguka ikatulia imeangalia nilikotoka. Haikugusa kitu. Nilikaa pale nimeshika usukani mpaka dereva wa nyuma akashuka kuja kuniuliza kama nimezimia.

Nyumbani nikaangalia zile tarakimu nne ubavuni mwa tairi, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho mwaka. Za nyuma zilikuwa na miaka kumi na moja. Kashata zimejaa, lakini raba imekuwa ngumu kama soli ya kiatu cha jeshi. Gari inasukuma na miguu ya nyuma, ina raba ya jiwe, afu mnataka kuongeza nguvu.

#19 Gia_ya_Sita
Dada asante na pole sana. Nimetoka nje na tochi sasa hivi kuangalia. Mbele 2021, nyuma moja ni 2021 nyingine ni 2013. Yaani nyuma zenyewe haziko pacha.

#20 Bi Usukani
Hiyo moja itoe kesho. Siyo wiki ijayo.

#21 Kona Kali
Na ndo ujue aliyekuuzia alikuwa anakuangalia kwa huruma kwa sababu gani.

#22 Boksa Mbili
Mimi niko na Legacy B4 ya kizazi cha tatu, ile ya turbo mbili, kwa hiyo nikisoma "ikifika elfu nne inakata pumzi" nacheka kwa uchungu maana yangu ndo ilivyozaliwa. Turbo ya kwanza inafanya kazi chini, ya pili inapokea juu, na pale katikati zinapokabidhiana kijiti kuna bonde, gari inakaa kimya kidogo kama imesahau ilichokuwa inasema, afu inaondoka na wewe. Mgeni akiiendesha anadhani mbovu. Inabidi ujifunze kubadilisha gia uepuke lile bonde.

Kuhusu kumiliki, niseme kimoja tu. Injini ya boksa imelala, plagi zinaangalia ubavuni. Kubadilisha plagi ambako kwa mwenzako ni dakika ishirini, kwangu fundi anatoa betri, anatoa chupa ya maji ya wipa, anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kuanza kusema maneno ambayo watoto hawatakiwi kusikia. Kabla ya kununua gari mwulize fundi wako anaijua au ataijulia kwako.

#23 Tairi Kipara
Hapa naona kila mtu anaita gari yake spoti. B4 sawa. E46 sawa. AS200 ya farasi 160 ni spoti? Ina vimita vya kupendeza tu ndani ya spidomita kama saa ya mkononi.

#24 Bi Usukani
@Tairi Kipara ilizunguka ikaangalia nilikotoka, we unataka spoti gani tena?

#25 Mnyamavu
Uspoti wa saluni haujawahi kuwa farasi peke yake. Injini mbele, kusukuma nyuma, uzito umegawanywa vizuri, ndo kitu Toyota walikuwa wanakitafuta na ile gari, walikuwa wanaikodolea macho BMW 3 Series. Ikachukua gari bora la mwaka Japani 1998/1999. Kilo 1,300 na kitu tu. Unaweza kuifurahia ukiwa mwendo halali kabisa, gari za siku hizi zenye farasi 300 mpaka uanze kufurahia umeshavunja sheria tatu.

#26 Chuma Chakavu
Na kama ni ukoo wa saluni za kazi, heshima zote kwa Mercedes 190E 2.3-16. Mwaka 1984 uwanja wa mbio wa Nürburgring, Ujerumani, wanafungua njia mpya wakawapa madereva wa Formula 1 gari hizo zinazofanana, Niki Lauda akawachapa wote.

#27 Msomaji Tu
Lauda alikuwa wa pili. Aliyeshinda ni Ayrton Senna, wakati huo kijana, ndo kwanza ana msimu wa kwanza Formula 1.

#28 Chuma Chakavu
Kweli, nimechanganya. Lauda alianza nyuma kabisa akapanda mpaka wa pili.

#29 Mzee wa Plagi
Tumetoka kwenye koili tumefika Nürburgring. Mwenye uzi yuko wapi?

#30 Gia_ya_Sita
Nipo wakuu, nilikuwa gereji. Kwanza tairi zote mbili za nyuma nimeweka mpya, dada upo? Pili nimechomoa plagi. Namba moja safi, mbili safi, nne safi. Namba tatu ina kamstari! Vile vile fundi alivyosema, kembamba keusi, nimekasugua kwa kitambaa na mate hakatoki. Nimebadilisha koili ya silinda ya tatu na plagi yake. Nimetembea saa nzima na moto wote, hamna kitu, inavuta kama asubuhi. Fundi wangu anadai alijua siku nyingi.

#31 Mzee wa Plagi
Wakuu sina la kuongeza. Someni tena #3, taratibu.

#32 Nusu Tenki
Hongera mzee. Mwambie ajaze tenki hata hivyo.

#33 Kijana wa Turbo
Uzi umeisha? Tungefika mbali na 2JZ.

#34 fundi_mstaafu
Video ya mshale ulirekodi?

#35 Gia_ya_Sita
Hapana fundi, imepona sasa.

#36 fundi_mstaafu
Haya.

#37 Gia_ya_Sita
Wakuu samahanini nafufua uzi. Siku tatu ilikuwa malaika. Jana jioni natoka kazini, dakika ya arobaini na kitu, gia ya tatu, nikashikwa shati. Nikajua bahati mbaya. Nikarudia, tena. Kiukweli nimekata tamaa, nimeshaanza kuangalia matangazo ya vigari vya injini ndogo.

#38 Kona Kali
Mzee wa Plagi soma #31, taratibu.

#39 Mzee wa Plagi
Sijakimbia. Kamstari kalikuwepo au hakakuwepo? Koili ilikuwa mbovu, imetoka. Zimebaki tatu zenye umri ule ule. Badilisha zote. Anayebadilisha koili moja ni kama anayebadilisha tairi moja, amuulize Bi Usukani.

#40 Boksa Mbili
Au plagi hizo mpya zilifungwa na mtu aliyezidondosha. Kaure ikipata ufa hata uwe kama unywele ni mchezo uleule.

#41 Mnyamavu
Mimi naleta upande mwingine. Injini hii ina VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, kwenye kemshafti (mihimili ya kufungua valvu) zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa, na VVT-i inaendeshwa na presha ya oili. Oili inapita kwenye valvu ndogo yenye kachujio kadogo. Kama aliyetangulia alikuwa anachelewesha kubadilisha oili, kale kachujio kanakuwa na ugoro. Injini ikiwa baridi oili nzito presha ipo. Ikipata moto oili inakuwa nyepesi, presha inashuka, unakanyaga, kompyuta inaamuru kemshafti zisogee, zinachelewa nusu sekunde. Maelezo yanaingia kila mahali. Ulisema umebadilisha oili, uliweka uzito gani?

#42 Gia_ya_Sita
Niliyopewa gereji mkuu. Galoni jekundu.

#43 Mnyamavu
😂 Uzito unaitwa galoni jekundu. Haya.

#44 Tairi Kipara
Kwa mgandamizo wa 11.5 kwa 1 ile injini ilitengenezewa petroli ya oktani ya juu. Ukiiwekea ya chini, ikipata moto na ukikanyaga inaanza kugonga, sensa ya kugonga inasikia, kompyuta inachelewesha cheche ili kuokoa pistoni, unapoteza nguvu ghafla. Jaza tenki moja la mafuta ya oktani ya juu uone, hilo jaribio halihitaji hata spana.

#45 Chuma Chakavu
Hilo lingekuwa linaondoa nguvu kwa muda mrefu zaidi, siyo kumkata nusu sekunde na kumwachia. Swali langu, ile filta ya hewa uliyoweka ni ya boksi la kiwandani au ni lile koni la wazi la kupakwa mafuta?

#46 Gia_ya_Sita
Koni. Nililikuta nikaweka jipya. Linapiga mluzi mzuri.

#47 Chuma Chakavu
Linapiga mluzi na linavuta hewa ya moto kutoka kwenye injini yako mwenyewe. Na yale mafuta ya kupaka yakizidi yanaruka yanaganda kwenye kawaya ka sensa ya hewa, sensa inaanza kuidanganya kompyuta. Rudisha boksi la kiwandani, safisha sensa kwa dawa yake, usiiguse kwa kidole wala pamba.

#48 Nusu Tenki
Hakuna hata mmoja wenu aliyefunga geji ya presha ya mafuta. Mimi yangu nilifunga bomba refu, nikapitisha chini ya boneti, geji nikaibandika kwa gundi ya karatasi kwenye kioo cha mbele nje, nikaendesha nayo naiona. Ikikata na geji ikashuka ni pampu au filta, geji ikitulia mnaweza kuendelea na falsafa. Hiyo ndo namna ya kumaliza ubishi. Ila usifanye njia yenye watu, na hakikisha klipu zimekaza, ni petroli hiyo.

#49 Msomaji Tu
Na masega kwenye egzosti, yale ya kusafisha moshi, mmeyasahau. Gari ikimisi muda mrefu petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye masega, yanayeyuka, yanaziba. Alikuwa na koili mbovu sijui tangu lini.

#50 Boksa Mbili
Masega yakiziba hayakuachii baada ya nusu sekunde. Yanakunyonga mpaka ufike.

#51 fundi_mstaafu
Wakati mnabishana, wewe mwenye gari, umelipandisha gari kwenye jeki ukaangalia boljointi za chini mbele, yale maungio yanayoshikilia tairi? Kwenye hizi Altezza ndizo zinazochoka na watu hawazitazami kwa sababu wako kwenye nguvu farasi. Ukipita kwenye shimo huku umekata usukani ukasikia kwa, kwa, usisubiri. Injini ikikata pumzi unachelewa kazini. Boljointi ikichomoka tairi linalala chini ya gari. Nimeshaona moja, ilikuwa kasi ya kutembea, kwenye geti la gereji, namshukuru Mungu hapo ndipo ilipochagua.

#52 Gia_ya_Sita
Kwa kwa ipo fundi, upande wa kushoto. Nilidhani ni kitu kwenye buti.

#53 Kona Kali
Mkuu umenunua gari au umenunua mtaala?

#54 Bi Usukani
Msimcheke, wote tulianzia hapo. Mimi nilivyoiuza ile AS200 nililia. Sasa nina gari jipya lenye kamera pande zote na kila mstari nikiukanyaga linanipigia kelele kama mama mkwe, na sijawahi kugeuka nyuma kuliangalia nikishalipaki. Ile nilikuwa nageuka kila siku.

#55 Gia_ya_Sita
Wakuu nimerudi, na safari hii na video.

Boljointi zote mbili za chini zimebadilishwa, ya kushoto ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Boksi la filta la kiwandani nimepata la mtumba, mluzi umekufa, moyo umeniuma kidogo. Sensa ya hewa imesafishwa. Tenki limejaa mpaka shingoni @Nusu Tenki. Bado inakata.

Mdogo wangu kakaa pembeni na simu kaelekeza kwenye dashibodi. Nimechomeka na kile kimita cha volti kwenye tundu la kiberiti maana kilikuwepo tu ndani ya gari. Nimeiangalia video polepole kama mara ishirini. RPM inapanda 3,800, 3,900, 4,000, afu mshale unadondoka chini kabisa unarudi, yaani kufumba na kufumbua. Volti zilikuwa 14.1. Kwenye tukio zinasoma 12.4, afu zinarudi 14. Matukio manne, yote hivyo hivyo.

#56 fundi_mstaafu
Sasa tunaongea. Huo mshale hauwezi kudondoka hivyo kwa mafuta wala masega. Injini yenye magurudumu yanayoisukuma haiwezi kwenda chini na kurudi kwa muda huo, ni taarifa ndiyo iliyokatika.

#57 Mnyamavu
Sensa ya krenki basi, zikipata moto zinakatika ndani. Naondoa VVT-i yangu kwa heshima.

#58 Boksa Mbili
Na volti je? Sensa ya krenki haishushi volti. Huo ni waya wa ethi (wa kurudisha umeme kwenye betri) kati ya injini na bodi umelika kutu ndani ya ganda. Injini ikivuta kwa nguvu inajipinda kwenye maunti zake, zile raba zinazoishikilia, waya unanyooka, unaachia. Ndo maana gia ya tatu na mguu mzito.

#59 Mzee wa Plagi
Kama ni injini kujipinda mbona ikiwa baridi haifanyi? Inajipinda hata asubuhi. Ni altaneta, ile ya kuzalisha umeme, brashi zimeisha.

#60 Nusu Tenki
Volti zikishuka pampu inazunguka polepole. Nasema tu.

#61 fundi_mstaafu
Mzee wa Plagi kauliza la maana. Kitu gani kinafanya kazi jioni kisichofanya kazi asubuhi? Wewe bwana, kwenye hiyo video AC ilikuwa imewashwa?

#62 Gia_ya_Sita
Ngoja niiangalie.

#63 Gia_ya_Sita
Imewashwa. Kataa ka AC kanaonekana pembeni ya video. Na nikifikiria asubuhi huwa siwashi kabisa, naendesha na upepo. Zile siku tatu za malaika kulikuwa na baridi.

#64 Mzee wa Plagi
Aisee.

#65 fundi_mstaafu
Usishangilie wala usinunue kitu. Kesho njia ile ile, muda ule ule, AC imezimwa. Afu urudie imewashwa. Ukimaliza shika ule waya wa ethi kwa mkono uniambie una joto au hauna.

#66 Gia_ya_Sita
Sawa fundi. Vile vigari vya injini ndogo nimeacha kuviangalia kwanza.

#67 Kona Kali
Na picha hujaweka mpaka leo.